Joto na usambaaji wa chembe katika maji: kwa nini chai ya moto hukolea haraka na dawa ya maji huchelewa kwenye baridi

Mtu anayepika chai alfajiri pale Piyaya hahitaji kufundishwa kwamba majani yakitiwa kwenye maji yanayochemka, rangi hutoka papo hapo. Majani hayo hayo yakitiwa kwenye maji ya baridi yaliyolala ndani ya dumu usiku kucha, rangi hutoka kidogo kidogo, na mtu anaweza kumaliza kukamua ng'ombe kabla chai haijakolea.

Jambo hilo hilo hutokea ndani ya dumu la maji lililotiwa kidonge cha klorini. Tofauti ni kwamba huko hulioni. Klorini ikishayeyuka haina rangi, na maji yaliyo tayari hufanana na maji ambayo bado. Kwa sababu hiyo watu wengi hunywa maji kabla dawa haijamaliza kazi yake, hasa asubuhi za baridi za mwezi wa Juni na Julai.

Makala hii inaeleza kinachotokea ndani ya maji yanapopashwa moto na yanapopoa, na kwa nini jambo hilo linagusa maji ya kunywa, dawa ya mtoto anayeharisha, supu ya miti shamba na josho la mifugo.

Chembe hazitulii

Maji yaliyotulia kwenye bakuli yanaonekana hayana mwendo wowote, lakini sivyo yalivyo. Maji yameundwa na chembe ndogo sana zinazoitwa molekuli. Chembe hizo huenda huku na huko bila kupumzika, zikigongana mara nyingi mno katika kila sekunde. Ni kama mifugo mingi iliyosongamana kwenye zizi moja: kila mnyama anataka kusogea, lakini kila akisogea anamgonga mwenzake na kugeuka.

Ukiweka sukari, chumvi au majani ya chai ndani ya maji hayo, chembe za kitu ulichoweka nazo husukumwa na kugongwa kila upande. Hutoka polepole pale zilipo nyingi na kuelekea pale zilipo chache, mpaka zienee kote sawasawa. Mwendo huu huitwa usambaaji. Wanafunzi wa sekondari huusoma kwa jina la difyusheni.

Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, Robert Brown, alitazama kwa hadubini vipande vidogo vilivyotoka kwenye chavua ya maua vikiwa ndani ya maji. Aliona vinatikisika bila kukoma, ingawa hakuna aliyeyakoroga maji. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba vipande hivyo vinagongwa na molekuli za maji zisizoonekana. Mfaransa Jean Perrin alipima jambo hilo kwa makini, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Hesabu ya Einstein ndiyo inayotumika hadi leo kueleza jinsi joto linavyobadilisha kasi ya usambaaji.

Joto linabadilisha nini?

Joto hufanya mambo mawili.

La kwanza, huongeza kasi ya chembe zenyewe. Kitu kikiwa cha moto, maana yake ni kwamba chembe zake zinakwenda kwa nguvu zaidi. Lakini ongezeko hili ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Maji yakipanda kutoka nyuzi joto 10 za Sentigredi hadi kuchemka kwa nyuzi 100, kasi ya wastani ya molekuli zake huongezeka kwa asilimia kama 15 tu.

La pili ndilo kubwa zaidi. Joto hulainisha kimiminika. Kila mfugaji wa nyuki anajua kwamba asali asubuhi ya baridi hukataa kumiminika, na jua likishapanda hushuka vizuri. Hali ya kimiminika kuwa kizito na kukataa kutiririka huitwa mnato. Maji nayo yana mnato, ingawa ni mdogo kuliko wa asali. Maji ya nyuzi 100 yana mnato wa kama moja ya tano tu ya maji ya nyuzi 10. Chembe inayopita ndani ya maji ya moto hukutana na upinzani mdogo zaidi.

Ukijumlisha mambo hayo mawili, usambaaji kwenye maji yanayochemka huwa na kasi kama mara 6 kuliko kwenye maji ya nyuzi 10. Ndiyo maana chai hukolea haraka jikoni, na kwenye dumu la baridi huchelewa.

Ukubwa wa chembe nao una nafasi yake. Chembe ndogo husambaa haraka kuliko chembe kubwa, iwe kwenye maji ya moto au ya baridi.

Jaribu mwenyewe nyumbani

Chukua glasi mbili zinazopitisha mwanga, au chupa mbili za plastiki ngumu. Moja itie maji ya baridi, nyingine maji ya moto, kwa kiasi kilicho sawa. Subiri maji yatulie. Kisha tia majani ya chai kiasi cha ncha ya kijiko katika kila glasi kwa wakati mmoja, na usikoroge.

Tazama kwa dakika 5. Kwenye maji ya moto utaona nyuzi za rangi zikishuka na kupanda, na maji yatageuka kahawia. Kwenye maji ya baridi utaona rangi imebaki karibu na majani. Shuleni walimu hufanya jaribio hili kwa punje za pamanganeti ya potasiamu, ambazo hutoa rangi ya zambarau.

Watoto wakifanya jaribio hili, mtu mzima awepo na ndiye amimine maji ya moto.

Kuna jambo moja la kuangalia. Zile nyuzi za rangi zinazopanda na kushuka si usambaaji peke yake. Ni mkondo wa maji wenyewe: maji ya moto hupanda, yaliyopoa pembeni ya glasi hushuka, na yote hubeba rangi. Kwa hiyo maji ya moto husaidiwa na vitu viwili: chembe zinazosambaa haraka, na mikondo inayozibeba.

Kwa nini kijiko bado kinahitajika

Usambaaji una udhaifu mmoja mkubwa ambao wengi hawaujui. Ni wa haraka kwenye umbali mdogo, lakini ni wa polepole mno kwenye umbali mkubwa. Umbali ukiongezeka mara 10, muda huongezeka mara 100.

Chukua sukari iliyoyeyuka chini ya maji ya nyuzi 25 yaliyotulia kabisa. Kwa makadirio ya hesabu, chembe zake huhitaji kama dakika 17 kusambaa umbali wa milimita 1. Kwa sentimita 1 huhitaji zaidi ya saa 27. Kwa sentimita 10, ambayo ni kama kimo cha kikombe, huhitaji zaidi ya miezi 3. Hata maji yakiwa ya moto sana, muda huo hupungua hadi karibu mwezi mmoja. Hakuna anayesubiri chai mwezi mzima.

Ndiyo sababu tunakoroga. Kijiko hubeba sukari kutoka chini na kuipeleka kila upande, na umbali uliobaki kwa chembe kusambaa zenyewe huwa mdogo sana. Kwenye dumu la lita 20 hakuna kijiko kinachofika chini, kwa hiyo dumu hufungwa vizuri na kutikiswa, au kubingirishwa.

Lakini zipo sehemu ambazo kijiko hakiwezi kufika: ndani ya jani la chai, ndani ya gome la mti, ndani ya tope lililoelea kwenye maji, na ndani ya ukuta wa kijidudu cha ugonjwa. Huko ni usambaaji peke yake unaofanya kazi, na huko ndiko joto na muda vina maana kubwa.

Maji ya kunywa na kidonge cha klorini

Sehemu nyingi za wafugaji wa Ngorongoro hutegemea mabwawa, visima vifupi, mito ya msimu na maji ya mvua. Maji ya bwawa hunywewa na ng'ombe, mbuzi, wanyama wa porini na watu. Kuhara na kipindupindu hupita kwenye maji ya namna hiyo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2015 ulisambaa hadi mikoa mingi ya Tanzania Bara, kwa hiyo umbali kutoka mjini si kinga.

Kidonge au maji ya klorini, ambayo wengi huyajua kwa jina la WaterGuard, huua vijidudu vingi. Lakini klorini haiui kwa kuwa tu imetiwa kwenye dumu. Lazima iyeyuke, ienee kwenye maji yote, ifike kwenye kijidudu, ipenye ukuta wake, kisha ifanye kazi ya kikemia ya kukiharibu. Kila hatua kati ya hizo huchelewa maji yakiwa ya baridi. Maji yakishuka kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 15, usambaaji peke yake hupungua kasi kwa kama robo, na ile kazi ya kikemia hupungua zaidi.

Muda wa kawaida wa kusubiri ni dakika 30. Muda huo umewekwa kwa maji ya nyuzi joto kama 25. Shirika la Afya Duniani hushauri kuongeza muda mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazopungua chini ya hapo. Hesabu yake ni hii:

Maji ya nyuzi 25: subiri dakika 30.
Maji ya nyuzi 15: subiri saa 1.
Maji ya nyuzi 5: subiri saa 2.

Nyumbani watu wengi hawana kipima joto. Njia rahisi ni hii: dumu likiwa limelala nje au kwenye nyumba ya baridi, na maji yakikufanya ushtuke ukinawia uso, hesabu saa 1 au zaidi. Bora zaidi, tia dawa jioni maji yakiwa bado yana joto la jua, tikisa dumu, na uyaache mpaka asubuhi.

Maji yenye tope yana shida ya pili. Kijidudu kilichojificha ndani ya punje ya udongo kinalindwa, kwa sababu klorini inapaswa kusambaa ndani ya punje hiyo kwanza, na udongo wenyewe na uchafu mwingine hula sehemu ya dawa njiani. Kwa hiyo yaache maji yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo utie dawa. Kiasi cha dawa kwa maji safi na kwa maji yenye ukungu kimeandikwa kwenye pakiti. Kifuate hicho, usikisie.

Ukichemsha maji badala ya kutumia klorini, huhitaji kusubiri usambaaji wowote, kwa sababu joto lenyewe ndilo linaloua. Jua pia kwamba kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Kwenye kingo za Kreta ya Ngorongoro, zilizo juu zaidi ya mita 2,000, maji huchemka kwa nyuzi 92 au 93 hivi. Joto hilo bado linatosha kuua vijidudu. Kwenye miinuko ya namna hiyo acha maji yatokote kwa dakika 3. Ni maharage yatakayochelewa kuiva.

Dawa ya mtoto anayeharisha

Pakiti ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, inayojulikana kwa jina la ORS, huchanganywa kwenye maji safi. Pakiti nyingi ni za lita 1, lakini soma iliyo mkononi mwako. Hapa kuna makosa mawili yanayotokana na kutoelewa usambaaji.

Kosa la kwanza ni kumimina unga na kuuacha bila kukoroga, kwa kudhani utaenea wenyewe. Tumeona hapo juu kwamba ungehitaji siku nyingi mno. Matokeo yake, kikombe cha kwanza huwa maji matupu, na cha mwisho huwa chumvi kali. Maji yenye chumvi nyingi kupita kiasi ni hatari kwa mtoto mdogo. Koroga mpaka usione punje hata moja chini, ndipo umpe mtoto.

Kosa la pili ni kuchemsha mchanganyiko ili uyeyuke haraka. Usifanye hivyo. Chemsha maji kwanza, yaache yapoe, kisha tia unga na ukoroge. Ukichemsha baada ya kuchanganya, maji hupungua kwa mvuke na chumvi hubaki ile ile, kwa hiyo dawa huwa kali kuliko inavyotakiwa. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe.

Supu ya magome na mizizi

Wamasai wamekuwa wakitia gome la olkiloriti kwenye supu ya nyama tangu zamani, na supu hiyo huchemshwa kwa muda mrefu. Wazee waliopanga hivyo waliijua kazi. Gome ni gumu, na vitu vilivyo ndani yake vinapaswa kusambaa kutoka katikati ya kipande mpaka kwenye maji. Moto huharakisha safari hiyo. Kulipasua gome vipande vyembamba husaidia hata zaidi, kwa sababu umbali ukipungua nusu, muda hupungua hadi robo.

Mwaka 2011 dunia nzima ilisikia habari za Samunge, katika wilaya yetu hii ya Ngorongoro. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, alichemsha mizizi ya mti wa mugariga na kuwapa watu kikombe kimoja kwa shilingi 500. Maelfu ya watu walipanga foleni za magari. Kazi ya moto kwenye sufuria zake ilikuwa ile ile ya moto wa chai: kutoa kilichomo ndani ya mzizi na kukieneza kwenye maji.

Hapa kuna jambo la kukumbuka. Joto halichagui. Hutoa kilicho chema na kilicho sumu kwa pamoja. Rangi nzito ya supu inakuambia kwamba vitu vimetoka kwenye mti. Haikuambii kama vinatibu, wala kama kiasi chake kinakufaa. Anayetumia dawa za hospitali, hasa dawa za kupunguza makali ya VVU, za kifua kikuu, za kisukari au za shinikizo la damu, asiziache kwa sababu ya kikombe chochote, na amweleze mhudumu wa afya anachokunywa.

Josho la mifugo

Dawa ya kuogeshea mifugo ikimiminwa upande mmoja wa josho, haifiki upande wa pili yenyewe. Josho ni refu, na kwa umbali wa mita usambaaji hauna msaada wowote, hata jua likiwa kali. Isitoshe, dawa nyingi hutuama chini josho likikaa bila kutumika. Ng'ombe wa kwanza huogelea kwenye maji karibu matupu, na kupe wao hubaki hai. Kupe hao ndio wanaoleta ndigana.

Kwa hiyo josho likorogwe vizuri kabla ya kuanza. Wataalamu wa mifugo hushauri pia kundi la kwanza lipitishwe, likoroge maji kwa miguu yake, kisha lirudishwe kupita mara ya pili. Kwa anayetumia bomba la mgongoni, changanya dawa kwanza kwenye maji kidogo, kisha ongeza maji na utikise bomba mara kwa mara. Usipashe moto maji ya dawa ya kupe ili ichanganyike haraka, kwa sababu mvuke wake ni hatari kwa mwenye kuivuta.

Kile ambacho joto haliwezi kufanya

Joto huzidisha usambaaji, lakini haliondoi kilichokwisha kuyeyuka. Maji ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa mkoani Arusha yana madini ya floridi, ambayo yakizidi huharibu meno ya watoto na mifupa. Kuchemsha maji hayo hakupunguzi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi inayobaki huwa nyingi zaidi katika kila kikombe.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo uko katika Ziwa Natron. Maji ya chemchemi na mito huingia humo na chumvi zilizoyeyuka kwenye miamba ya volkano. Jua hunyonya maji, chumvi haipandi nayo, na ndipo tunapata magadi. Palipo na shida ya floridi, tumia maji ya mvua kwa kunywa kadiri inavyowezekana, na uliza ofisi ya maji au zahanati kuhusu chanzo chenye nafuu.

Kwa kifupi

Chembe ndani ya maji hazitulii, na husambaa kutoka zilipo nyingi kwenda zilipo chache.

Maji ya moto huharakisha usambaaji kwa sababu chembe huenda kasi zaidi, na zaidi ya yote kwa sababu mnato wa maji hupungua.

Kwa umbali unaozidi milimita chache, kukoroga au kutikisa hushinda joto.

Pale kijiko kisipofika, kinachobaki ni kusubiri, na maji yakiwa ya baridi subiri zaidi. Kama umetia klorini asubuhi ya baridi, mpe kila mtu wa nyumbani ujumbe huu: dumu hili lisiguswe mpaka saa nzima ipite.